Kesi ya diski ya shilingi 45,000 kutoka Kariakoo: mwendo wake ulizuiwa na sekta 240

Kwa muda wa miezi mitatu nimeitumia karibu kila siku kesi moja ya nje ya diski, ile ya kutumbukiza SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 na kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB 3.0, niliyoinunua kwa shilingi 45,000 katika duka dogo karibu na Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Naandika tathmini hii kwa sababu kesi za namna hii zimejaa sokoni Dar es Salaam, nyingi zikiwa na maboksi yanayofanana na majina ambayo mtu huyasahau kabla hajafika kituo cha daladala, na kwa sababu hukumu niliyoitoa siku ya kwanza, kwamba nimeuziwa kitu kinachokokota, ilikuwa ya makosa kwa sehemu kubwa. Kesi ilikuwa na mwendo wa kutosha. Iliyokuwa ikiubana ni draiva ya kompyuta yangu, yaani programu inayoiwezesha kuongea na kifaa, ambayo ilikuwa ikiilisha data kwa kijiko cha chai.

Niseme kwanza ninaitumia kwa kazi gani, maana tathmini ya kifaa cha kuhifadhi data bila kutaja kazi yake haimsaidii msomaji. Studio yetu ndogo iko Sinza, na tunapiga picha na video za harusi, sendofu na mahafali. Kazi za wikiendi humwagwa kutoka kwenye kadi za kamera hadi kwenye SSD ya terabaiti moja iliyomo ndani ya kesi hii, na SSD hiyo ikikaribia kujaa, kwa kawaida ikiwa na gigabaiti 900 hivi, yote yaliyomo huhamishiwa kwenye seva yetu. Neno seva hapa ni la heshima tu: ni kompyuta ya mezani yenye SSD ya kutosha ndani, inayoendeshwa na Debian 8, mfumo wa familia ya Linux, toleo la mwaka 2015, na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux namba 3.16 iliyokuja nalo. Najua wapo watakaoniuliza kwa nini sijaisasisha. Haiunganishwi na intaneti, haijawahi kuanguka tangu ilipowashwa, na mimi si mtu wa kuligusa jambo linalokwenda vizuri katikati ya msimu wa harusi.

Kuhusu umbo sina mengi. Bodi ni ya alumini, ina skrubu nne ndogo, na bisibisi imo ndani ya boksi. Katika joto la Dar, ambapo chumba chetu kina feni moja inayopuliza hewa ileile ya moto, bodi ya chuma ni faida ya kweli, kwa kuwa hupata moto kwa nje badala ya kuufungia ndani kama zile za plastiki. Waya uliokuja nayo ni mfupi na ulilegea upande wa kesi baada ya wiki tatu. Niliubadilisha kwa mwingine wa shilingi 8,000 na tangu hapo haujasumbua.

Maneno ya kwenye boksi ndiyo yanayohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa herufi kubwa pameandikwa gigabiti 5 kwa sekunde, na chini yake pameandikwa kwamba kesi inatumia itifaki ya UAS, ambayo huruhusu kompyuta kutuma amri nyingi bila kusubiri kila moja ijibiwe. Dai la kwanza ni kweli kwa maana finyu. Hiyo ni kasi ya njia yenyewe ya USB 3.0, na kwa kuwa kila biti 8 za data husafirishwa zikiwa zimevishwa kama biti 10, kinachobaki ni megabaiti 500 kwa sekunde, nazo hupungua tena kwa gharama za itifaki kabla hazijamfikia mtumiaji. Dai la pili si kweli hata kidogo. Kifaa cha kuhifadhi data kinapochomekwa hujitambulisha kwa kompyuta na kutaja namba ya itifaki kinayoielewa, ambayo kwa hesabu ya heksadesimali ni 50 kwa mfumo wa zamani wa amri moja moja na 62 kwa UAS. Kesi hii ilitaja 50 peke yake. Amri ya lsusb -t, ambayo huonyesha kila kifaa na draiva iliyokichukua, ilinionyesha usb-storage ambapo boksi liliniahidi uas. Huo ni uongo uliopigwa chapa, na katika tathmini yangu unaipunguzia kesi hii alama ambazo hakuna marekebisho yanayoweza kuzirudisha.

Nilipoiunganisha na seva kwa mara ya kwanza, kwenye mlango wa bluu wa USB 3.0, nilipima usomaji wa moja kwa moja bila kupitia akiba ya kumbukumbu, na nikapata megabaiti 192 kwa sekunde. SSD ileile ikiwa imefungwa ndani ya kompyuta husoma zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilikuwa tayari kurudi Kariakoo na boksi mkononi, na pengine ningerudi kweli kama mwenzangu wa studio, anayetumia kompyuta mpakato yenye Linux ya miaka ya karibuni, asingeniambia, "Kaka, hebu jaribu kwenye yangu kabla hujaenda kugombana na watu." Kwenye mpakato wake kesi ileile, kwa waya uleule na SSD ileile, ilitoa megabaiti 338. Itifaki ilikuwa ileile ya zamani, na mlango ulikuwa wa USB 3.0 kama wangu. Kilichotofautiana ni namba moja, iliyomo katika faili la /sys/block/sdb/device/max_sectors (sdb ni jina ambalo Linux iliipa diski hii): kwake ilisomeka 2048, kwangu 240.

Namba hiyo ni kikomo cha uhamishaji, yaani idadi kubwa kabisa ya sekta ambazo draiva ya usb-storage itaziomba kwa mkupuo mmoja. Sekta moja ni baiti 512. Kwa hiyo sekta 240 ni kilobaiti 120, na sekta 2048 ni megabaiti moja kamili kwa hesabu ya 1,024.

Mtu anayekutana na 240 kwa mara ya kwanza hudhani imechaguliwa kwa uvivu, lakini asili yake ni ya busara na inaeleweka. Vidhibiti vya diski vya enzi ya IDE vilikuwa na rejista ya biti 8 tu ya kuhifadhi idadi ya sekta katika uhamishaji mmoja, kwa hiyo hesabu yake haikuweza kuvuka 256, na vipo ambavyo hata hiyo 256 kamili viliwashinda. Watengenezaji wa chipu za kuunganisha diski na USB walirithi tabia hizo, na baadhi ya vifaa vilikwama kabisa vikiombwa zaidi ya kiasi hicho. Waandishi wa draiva waliamua kubaki chini ya mpaka huo ili Linux ielewane na vifaa vingi iwezekanavyo. Wengine nao walikuwa na vikomo vyao: Windows 7 iliishia sekta 128, yaani kilobaiti 64, iwe kwa USB 2 au USB 3, wakati Mac OS X 10.11 iliruhusu sekta 256 kwa USB 2 na 2048 kwa USB 3. Mwaka 2016 draiva ya Linux ilirekebishwa ili vifaa vya USB 3 vipewe sekta 2048, kwa hoja kwamba vifaa hivyo ni vipya na havielekei kuwa na kasoro za wazee wao, na kwamba kuvuka hapo hakuongezi mwendo wa kutajika. Kerneli yangu ya 3.16 ilitangulia marekebisho hayo, ndiyo maana iliitendea kesi mpya kana kwamba ni diski ya zamani iliyovishwa waya mpya.

Kwa nini ukubwa wa ombi ulete tofauti kubwa hivyo, wakati data inayosafirishwa ni ileile? Sababu ni itifaki ya amri moja moja. Kila ombi huanza na bahasha ya baiti 31 yenye amri, kisha data hupita, halafu kesi hurudisha stakabadhi ya baiti 13 kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, na amri inayofuata hairuhusiwi kuondoka mpaka stakabadhi hiyo ifike. Wakazi wa Kigamboni wanaujua utaratibu huu hata kama hawajawahi kufungua kompyuta. Kivuko cha Magogoni kina muda wake wa kupakia, kuondoka, kufunga gati ng'ambo na kushusha, na muda huo hautofautiani sana kikiwa kimebeba magari matano au kikiwa kimejaa. Anayetaka kuvusha magari mengi kwa siku hana budi kukijaza kila safari, au kuongeza vivuko. UAS ingekuwa kuongeza vivuko. Kesi hii ina kimoja tu, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ni kukijaza.

Nililifanyia jambo hili hesabu badala ya kuridhika na mfano. Nilipima kwa vikomo kadhaa: sekta 240 zilinipa megabaiti 192 kwa sekunde, sekta 512 zikanipa 258, sekta 1024 zikanipa 306, na sekta 2048 zikanipa 338, sawa na mpakato. Ukizigeuza namba hizi kuwa muda wa kila ombi, zinakaa vizuri kwenye mstari mmoja, zikionyesha kwamba kila ombi lilikuwa na gharama isiyobadilika ya takribani theluthi moja ya milisekunde, mbali na muda wa data yenyewe kupita. Theluthi ya milisekunde haionekani kuwa kitu. Lakini gigabaiti 900 zikikatwa vipande vya kilobaiti 120 hutoa maombi zaidi ya milioni 7.3, na gharama hiyo ndogo ikirudiwa mara milioni 7.3 hufikia dakika 38 za kusubiri stakabadhi tu. Kwa vipande vya megabaiti moja maombi hushuka hadi laki 8 na nusu hivi, na kusubiri kunakuwa dakika nne na nusu. Kazi yote iliyokuwa ikichukua saa moja na dakika 18 ikawa inamalizika kwa dakika 44. Kwa studio ambayo bodaboda husubiri nje kuipeleka diski kwa mhariri Mbagala, na ambayo umeme ukikatika katikati ya kunakili hulazimika kuanza upya kukagua mafaili, nusu saa hiyo ina maana.

Kukipandisha kikomo kwenyewe ni kazi ya kuandika namba ndani ya faili nililolitaja, kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, wakati diski haina shughuli. Hata hivyo kuna mahali pawili ambapo nilikwama, na naona ni vyema nipaeleze kwa kirefu kwa sababu mtu anaweza kupandisha kikomo, akapima, akaona hakuna kilichobadilika, akaamua kwamba habari hizi zote ni hadithi.

La kwanza ni kwamba vikomo viko viwili, si kimoja. Ipo namba ya draiva, inayosema kifaa kinaweza kubeba kiasi gani kwa juu kabisa, nayo huonekana pia katika /sys/block/sdb/queue/max_hw_sectors_kb. Halafu ipo namba ya tabaka la juu la kerneli, linalopanga foleni ya maombi, katika faili la max_sectors_kb lililo kwenye folda hiyohiyo, na hiyo ndiyo inayotumika kweli wakati wa kazi. Ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza, lakini inaweza kubaki chini yake. Kwenye seva yangu, nilipoandika 2048 upande wa draiva, namba ya draiva ilipanda hadi kilobaiti 1,024 kama nilivyotaka, huku ile ya foleni ikisimama kwenye 512. Nilikuwa nimefungua lango la nje na kusahau mlango wa ndani. Ilinibidi niandike 1024 katika max_sectors_kb pia, ndipo mwendo wa 338 ukapatikana.

La pili linahusu usomaji wa kawaida, yaani ule unaofanywa na programu za kunakili ambazo hupitia akiba ya kumbukumbu ya kerneli. Katika usomaji huo si programu inayoamua ukubwa wa ombi, bali ni utaratibu wa kerneli wa kusoma mbele, ambao kwa kawaida umewekwa kilobaiti 128. Hata ukiruhusu maombi ya megabaiti moja, kerneli itaendelea kuomba 128 kwa sababu ndicho kiasi ilichoambiwa isome mbele. Tena kabla sijabadilisha chochote hali ilikuwa ya kuchekesha kidogo: kipande cha kilobaiti 128 hakiingii katika kikomo cha 120, kwa hiyo kinaweza kukatwa kuwa ombi moja la 120 na jingine la 8, kama mtu anayepeleka gunia zima sokoni kisha akarudi nyumbani kufuata kisado. Niliipandisha read_ahead_kb hadi 2048, na hapo ndipo kunakili kwa programu ya kawaida kulipofikia mwendo wa vipimo vyangu. Kwa uandishi jambo hili halikuhitajika, kwa kuwa kerneli hukusanya kwanza data ya kuandikwa na kuiunganisha kuwa vipande vikubwa kadiri kikomo kinavyoruhusu.

Mabadiliko haya hayadumu. Ukichomoa kesi na kuichomeka tena, 240 inarudi. Niliandika kanuni fupi ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, inayoitambua kesi hii kwa namba za mtengenezaji na za bidhaa na kuandika vikomo vipya kila inapochomekwa. Nasisitiza kuitambua kwa namba hizo, kwa sababu kanuni inayopandisha kikomo kwa kila kifaa cha USB itazikumba pia flashi za wateja, na humo ndimo mlimo chipu za zamani ambazo kikomo cha 240 kiliwekwa kwa ajili yake.

Je, kuna faida ya kupanda zaidi? Nilijaribu, zaidi kwa udadisi kuliko kwa haja. Sekta 4096 zilinipa megabaiti 350, nyongeza ya 12 tu juu ya zile 338, jambo linaloafikiana na hoja ya waliosimama kwenye 2048. Kwenye sekta 8192 usomaji ulikwenda kama kawaida, lakini uandishi ulipoanza taa ya kesi iliganda, kumbukumbu za kerneli zikajaa taarifa za kifaa kuanzishwa upya, na baada ya nusu dakika hivi diski ikatoweka na kurudi ikiwa na jina la sdc badala ya sdb. SSD ilikuwa na nakala za majaribio tu, kwa hiyo hakuna bwana harusi aliyepoteza picha. Nilirudi kwenye 2048, nikanakili gigabaiti 200 kwenda na kurudi mara tatu, nikalinganisha mafaili yote kwa sha256sum, programu inayokokotoa alama ya utambulisho ya kila faili, na hapakuwa na tofauti hata ya baiti moja. Ukaguzi wa namna hiyo nauona kuwa wa lazima kwa yeyote anayegusa kikomo hiki. Chipu inayokwama kwa kelele, kama hii, ni afadhali. Inayotisha ni ile inayopokea ombi kubwa kuliko uwezo wake na kujibu kwamba mambo ni shwari.

Wasiotumia Linux, au wenye milango ya USB 2 pekee, hawana sababu ya kuyahangaikia haya. Kompyuta ya mapokezi ya studio yetu ina USB 2, ambayo kasi yake ya njia ni megabiti 480 kwa sekunde, na humo kupandisha kikomo kulinitoa megabaiti 33 hadi 37. Kivuko ni kidogo na bahari ni pana. Muda mwingi unaishia majini, hauishii gatini.

Duka nalipa sifa yake. Muuzaji hakujua habari za itifaki, wala sikumtarajia azijue, lakini aliniruhusu kuichomeka kesi kwenye kompyuta yangu pale kaunta kabla ya kulipa, alinipa risiti ya EFD bila kuombwa mara mbili, na aliandika nyuma yake kwa kalamu kwamba naweza kurudisha ndani ya siku saba. Nilipomwambia baadaye kwamba boksi linadanganya kuhusu UAS, alilisoma upya kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, akasema, "Bosi, mimi nauza kama ilivyokuja," jibu ambalo halinifurahishi lakini ni la kweli.

Kwa bei yake, na kwa mtu anayeweza kuandika namba mbili au tatu katika mfumo wake wa Linux au mwenye kerneli iliyotengenezwa baada ya mwaka 2016, naipendekeza kesi hii. Kwa anayeinunua kwa sababu ya neno UAS lililo kwenye boksi, siipendekezi, kwa kuwa hatalipata, na kesi zenye UAS ya kweli zinapatikana katika mitaa hiyohiyo kwa nyongeza ya shilingi elfu kumi na tano hadi ishirini. Akienda nazo kaunta na mpakato wake, lsusb -t itamwambia ukweli kwa sekunde mbili.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa muuzaji yuleyule kununua ya pili. Boksi lilikuwa lilelile, bodi ileile, hata skrubu zilifanana, lakini namba ya bidhaa iliyoonyeshwa na lsusb ilikuwa tofauti, na kwa sababu hiyo kanuni yangu ya udev haikuigusa. Niliipandisha kwa mkono hadi sekta 512 tu, nayo ikaganda katika gigabaiti ya kwanza; ilitulia pale tu nilipoichagulia, kwa herufi m katika orodha ya vighairi vya draiva, kikomo cha sekta 64, ambacho ni kilobaiti 32. Niliirudisha siku hiyohiyo. Muuzaji alitoa boksi la tatu kutoka rafu ya nyuma, tukalipima pamoja hapo kaunta, na lilikuwa na chipu ya ile ya kwanza. Sasa ziko mbili mezani, na nimeandika namba ya bidhaa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja.